Mti katika shamba la bwasa



Kila semina ya mabadiliko ya hali ya hewa inaishia kwa neno moja: pandeni miti. Redio inasema hivyo, na sisi walimu tunawaambia watoto hivyo hivyo. Hatupingi. Tangu tarehe 4 Mei 2023, maji na matope yalipozoa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, watu zaidi ya 400 wakafa, kila mmoja wetu Kivu ya Kusini anajua mvua kubwa inaufanya nini mlima uliokatwa miti.

Lakini tupande katika shamba la nani?

Huku Bushi wengi wetu tunalima kwa bwasa. Mwenye shamba anakupa kipande kwa msimu, unamlipa, unapanda maharagi au viazi vitamu. Mgomba hapana, kahawa hapana, na mti ndiyo hapana kabisa, kwa sababu kwa desturi anayepanda mti anaonekana kudai udongo. Tangu 1973 sheria inasema ardhi yote ni ya Serikali, lakini kijijini anayesikilizwa ni mwenye kalinzi. Mama wa bwasa akichomeka miche kumi, msimu unaofuata anaweza kukuta shamba limepewa mwingine. Kwa hiyo anayekataa miche ya bure si mvivu. Amepiga hesabu.

Hapo ndipo kikundi kina kazi. Mama mmoja akiomba ruhusa, mwenye shamba anaogopa kwamba kesho watoto wa huyo mama watadai urithi. Kikundi hakidai urithi. Kiende na chefu wa kijiji na mtu wa shirika la raia wawe mashahidi, na makubaliano yaandikwe: mipaka ya shamba, miaka mingapi, nani anachukua matawi, nani anachukua mti ukikomaa, na itakuwaje shamba likiuzwa. Wana wa mwenye shamba nao watie sahihi, maana ugomvi mwingi unaanza baba akifa. Mama aliyeolewa asiambiwe kwamba hawezi kusaini bila ruhusa ya mumewe. Sharti hilo liliondolewa Sheria ya Jamaa iliporekebishwa mwaka 2016.

Miti yenyewe msichague kwa pupa. Mikaratusi inakua haraka na makala yake yanauzika, lakini inakunywa maji mengi. Iwe mbali na chemchemi. Grevilea inavumiliana na maharagi. Kaliandra tunaipenda zaidi: inashika udongo, majani yake ni chakula cha mbuzi, na ukiikata inachipuka tena, kwa hiyo kuni hazikosekani. Pandeni mistari inayokata mteremko, si ile inayoshuka nao.

Kiangazi hiki ndicho wakati wa kuongea, kabla bwasa ya Septemba haijagawanywa. Mbegu zikiingia kitaluni sasa, miche itakuwa tayari mvua zikishakolea.

Na mwenye shamba akikataa miti kabisa, mwombeni walau mistari ya majani ya kulishia ng'ombe kwenye kingo za mitaro. Majani hayaonwi kama kudai ardhi, nayo yanazuia udongo, na ng'ombe wake mwenyewe watakula humo.