Bingwa wa Kwanza Alitoka Mlandizi

Keti kwenye kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo, uliza Simba iliifunga Yanga ngapi mwaka 1977. Utajibiwa sita bila kabla hujamaliza swali, na anayejibu anaweza kuwa kijana aliyezaliwa 2001. Mzee wa Yanga pembeni yake atarudisha tano bila za 1968. Sasa uliza bingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara ni nani. Hayo si ya enzi za redio ya mbao, ni ya msimu wa 2016/17, na simu janja zilikuwa mikononi mwetu. Kimya.

Ni Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Pwani, kando ya barabara ya Morogoro. Misimu miwili iliyofuata ikawa ya JKT Queens. Simba Queens wakachukua mitatu mfululizo, 2019/20 hadi 2021/22. JKT wakarudi 2022/23, Simba 2023/24, JKT tena 2024/25. Misimu tisa, mabingwa watatu. Mtoto wa darasa la pili anaikariri kabla ya mapumziko ya chai. Sisi wenye shahada imetushinda.

Sikubali kwamba tumesahau tu. Tunatunza kile cha kutambiana. Msimamo wa ligi ya wanawake tunausoma kama mkia wa ule wa wanaume: Simba Queens wakiongoza, ni fimbo ya kumchapia mtu wa Yanga, JKT wakiongoza, mada inakufa, kwa sababu pale Msimbazi hakuna shabiki wa JKT wa kutaniwa. Mlandizi ndio kabisa. Shabiki wa Yanga anakuhesabia mataji 31 ya ligi hadi 2024/25 bila kukosea, lakini mkumbushe kwamba ndani ya misimu ile tisa Yanga Princess haina hata moja. "Hiyo siyo Yanga yenyewe." Nembo ileile, rangi zilezile. Yenyewe ni ipi?

Watu wa Msimbazi wasicheke. Nimewasikia wakisema jina "Queens" ni la kike, limebandikwa juzi. Waliojitenga na Yanga mwaka 1936 walijiita Queens. Baadaye ndipo likaja Eagles, kisha Sunderland, na Simba lenyewe ni la 1971. Wanawake wamerudishiwa jina la kwanza la klabu, na wenye klabu hawalitambui.

Najua jibu linalokuja: soka la wanawake halina mashabiki. Yanga ya 1935 ilikuwa na mashabiki wangapi? Haikuwa na televisheni wala mdhamini. Ilikuwa na watu waliobeba matokeo kichwani na kuyabishania barazani hadi yakawa urithi. Mashabiki walitengenezwa na ubishi huo. Wala tusisingizie kiwango. Agosti 2022 Simba Queens walitwaa ubingwa wa CECAFA hapa hapa Dar es Salaam, wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza na kufika nusu fainali. Wakamaliza wa nne. Nusu fainali ya wanaume wa Simba ya 1974 bado inasimuliwa na watu ambao baba zao hawakuwa wameoa.

Mwaka jana nilizunguka maduka ya jezi Kariakoo nikitaka iandikwe jina la Opa Clement, mshambuliaji aliyetoka Simba Queens kwenda kucheza Uturuki. "Huyo anachezea wapi, dada?" Muuzaji alikuwa muungwana, akaandika, ila nilimtajia herufi moja moja. Dirishani kwake lilikuwepo tayari jina la beki mmoja wa kiume ambaye hakumaliza hata msimu.

Basi tuandike. Penye mataji 22 ya wanaume, Simba waongeze mstari wa pili: manne. Yanga waandike sifuri, kwa wino uleule, ikae hapo mpaka Princess waifute wenyewe. JKT wana manne yao. Mlandizi hawana jengo Kariakoo, lakini uwanja wa Karume, hapa hapa Ilala, una ukuta mrefu, na wenye ukuta ni TFF.