Katonga: Ziwa tunalipumzisha, vilima je?

Mvua za kwanza zikishanyesha Kigoma, Katonga inabadilika rangi ndani ya wiki chache tu. Vilima vya kahawia vinarudi kijani, maua madogo yanachomoza kwenye nyasi, kumbikumbi wanatoka usiku kufuata taa. Ndege waliokimbia baridi ya Ulaya nao huwa wameshafika, na wengi wataondoka Machi au Aprili.

Tunapiga picha, tunaweka status, basi. Lakini mabadiliko haya yanamhusu mvuvi moja kwa moja.

Iko hivi

Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kuvua. Waliobeba mzigo huo ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa na familia zao.

Sasa angalia kalenda. Miezi hiyohiyo ni kiangazi, wakati moto unapita vilimani na miti inakatwa kwa kuni na mkaa. Mvua ikija, udongo usio na nyasi unashuka ziwani. Tope linafunika mawe ya mwambao, ambako samaki wengi wa Tanganyika wanakula na kutaga mayai. Watafiti wameonya kuhusu hili tangu miaka ya 1990.

Yaani samaki tunawalinda kwa mkono mmoja, tunawafukia kwa mwingine.

Kwani lazima iwe hifadhi?

Hapana. Kisumu, Kenya, kuna uwanja wa gofu kando ya Ziwa Victoria unaojulikana kwa kanuni yake ya viboko: mpira ukitua karibu na kiboko, mchezaji anaruhusiwa kudondosha mwingine. Watu na wanyama wanatumia eneo moja.

Katonga haihitaji gofu. Inahitaji miteremko isichomwe na miti ya kando ya maji iachwe.

Simu yako inasaidia

Piga picha sehemu ileile kila msimu, andika tarehe. Kumbikumbi walitoka lini? Maji ya korongo yalikuwa na rangi gani baada ya mvua? Ndani ya miaka miwili mitatu mtaa unakuwa na ushahidi wa kupeleka mkutanoni.

Ziwa likifungwa tena, usiulize tu litafunguliwa lini. Uliza na moto wa vilimani utazimwa lini.