Bure ya Nani?

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima, tena ni bure. Tangu Septemba 2019 neno hilo likaanza kutekelezwa, na watoto wengi wakaandikishwa. Vema! Lakini hapa Rughenda na vilimani mwa Butembo twauliza: mwalimu asiyelipwa na Serikali atakula nini? Mzigo humrudia mzazi kwa jina jingine, na mtoto wa maskini hurudishwa nyumbani. Kumrudisha ni kuvunja sheria. Kumpokea pasipo benchi wala chaki ni kumdhihaki. Serikali iwalipe walimu wote kwanza, ndipo ijisifu.