Jukwaa la Wazi ni Shule ya Waimbaji

Katika baadhi ya miji yetu ipo desturi ya usiku wa jukwaa la wazi. Mwimbaji au mpiga gitaa yeyote huandikisha jina lake mlangoni, na zamu yake ifikapo hupewa kipaza sauti kwa nyimbo mbili au tatu mbele ya watu wasiomjua. Wapo wanaoiona desturi hiyo kuwa ni starehe tu ya vijana. Hilo ni kosa. Jambo hili linahusu uhai wa muziki wa Taifa, na lastahili kufikiriwa na kila mtumishi wa umma.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwani aliuona utamaduni kuwa ndio roho ya taifa. Maneno hayo yalifuatwa na vitendo. Wafanyakazi walikuwa na NUTA Jazz, vijana wakawa na Vijana Jazz, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikaja kulelewa na DDC. Wanamuziki walilipwa mshahara, vyombo vilikuwa mali ya shirika, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo zao. Kubwa kuliko yote, dansi lilipigwa kila wiki, na kijana mwenye kipaji alijifunza kwa kukaa karibu na mafundi.

Mashirika yalipodhoofika, malezi hayo nayo yalipungua. Siku hizi kijana aweza kurekodi wimbo kabla hajawahi kusimama mbele ya watu. Akiitwa jukwaani, mara nyingi hufuatisha tu sauti yake iliyokwisha kurekodiwa. Mashine yaweza kuinyosha sauti iliyopinda, lakini haiwezi kumfundisha mwimbaji kupanga pumzi, kusikiliza ngoma, wala kutambua kwamba ubeti wa tatu umewachosha wasikilizaji. Mafunzo hayo hutolewa na jukwaa peke yake.

Tatizo ni kwamba majukwaa mengi ya namna hiyo yamo katika mabaa na mahoteli. Mwanafunzi hawezi kufika huko, na mzee mjuzi wa taarabu huona haya kwenda. Aidha, mwenye baa huuza vinywaji mpaka usiku wa manane, na mwimbaji hurejea nyumbani na makofi. Makofi hayalipi nauli.

Wakati huo huo, kumbi za halmashauri na mabwalo ya shule hufungwa kwa kufuli mara kazi za mchana zikiisha. Hapana budi milango hiyo ifunguliwe, japo jioni moja kwa mwezi, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku. Maafisa Utamaduni wasimamie ratiba, na walimu wa kwaya wawaandae wanafunzi wao. Kiingilio kiwe kidogo, na mapato wagawiwe walioimba. Kila wimbo mpya uandikwe daftarini pamoja na jina la mtunzi wake, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, lakini mtunzi asiye na kumbukumbu hupata taabu kudai haki yake.

Wapo watakaosema kwamba mikusanyiko hiyo italeta kelele na uhuni. Saa zikipangwa na kufuatwa, jirani hatakosa usingizi. Na uhuni hauzaliwi ukumbini palipo na walimu na wazazi. Huzaliwa vijiweni, kijana anapokosa pa kwenda. Baraza la Sanaa liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ili sanaa iendelee. Kwa hiyo, kibali cha shughuli ndogo kama hizi kiwe mlango, kisiwe ukuta.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mcheza kwao atatunzwaje, ikiwa kwao hakuna uwanja wa kuchezea?