Kuongeza Oili Kila Siku Si Kutengeneza Pikipiki

Wadau, simama pale steji ya Ukunda jioni yoyote uhesabu pikipiki zinazotoa moshi wa buluu. Utamaliza vidole vya mikono yote miwili kabla hujamaliza soda yako.

Huo moshi wa buluu ni oili inaungua ndani ya injini. Na ukimuuliza mwenyewe, anakujibu kwa raha zake: "Ah, hii ni ya zamani, inakula oili kidogo. Naongeza tu."

Hapo kwa "naongeza tu" ndipo mimi na yeye tunakosana. Manake kuongeza oili bila kujua inaenda wapi ni kujaza maji mtungi uliotoboka, halafu unajisifu kwamba hujawahi kukosa maji.

Piga hesabu na mimi. Injini nyingi za boda hubeba kama lita moja ya oili, ama zaidi kidogo. Gari dogo hubeba lita tatu, nne. Kwa hivyo gari likipoteza nusu lita, bado limejikimu. Pikipiki ikipoteza nusu lita, imebaki na karibu nusu ya damu yake. Sasa chukua mtu anayeongeza robo lita kila baada ya siku mbili. Kwa mwezi ni karibu lita nne. Mwaka mzima ni zaidi ya lita arobaini, pesa imepita kwa ekzosi, na ugonjwa uko pale pale!

Na si pesa tu. Oili ikiisha kabisa, pistoni inapata moto, inavimba, inakwama kwenye silinda. Injini ikikwama ghafla ukiwa mbio, tairi la nyuma linaweza kufunga hapo hapo kabla hujawahi kushika klachi. Fikiria hiyo kitu barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, lori liko nyuma yako, na umebeba mama wa watu anaenda hospitali Msambweni. Bado utasema "inakula kidogo"?

Sasa watu wengi wakiona moshi wanasema moja kwa moja, "Ringi zimeisha." Polepole. Kuna vitu vya bei rahisi vya kuangalia kwanza. Oili haivuji chini ya injini? Hukuijaza kupita alama? Na ule mpira wa kupumulia wa injini, haujaziba kwa matope? Ukiziba, presha inajaa ndani na oili inasukumwa pasipofaa.

Kama hapo pote ni sawa, soma moshi wenyewe. Ikiwa asubuhi ukiwasha inatoa moshi kidogo halafu inatulia, shuku sili za valvu. Oili imeshuka taratibu usiku kucha ikaingia juu ya pistoni. Dalili nyingine: unateremka kutoka Kwale mjini kuja Kombani umeachia ekseleta, ukifika chini ukivuta tena, puu! wingu. Hizo pia ni sili. Lakini ikiwa unapanda ule mlima wa Kwale na abiria na moshi unakufuata njia nzima, hapo shuku ringi na silinda.

Kuna na kipimo cha zamani ambacho fundi yeyote anaweza kukifanya. Toa plagi, pima presha ya injini. Halafu tia kijiko kidogo cha oili kwa lile tundu la plagi, upime tena. Presha ikipanda sana, ringi zimechoka, manake ile oili imeziba nafasi kwa muda. Ikibaki vile vile, tatizo la presha liko juu, kwa valvu. Dakika chache tu, na unajua uko vita na nani.

Kwanini ni muhimu kujua? Kwa sababu sili za valvu ni vipira vidogo sana. Ni lazima hedi itoke, lakini huhitaji kununua pistoni. Kuna mtu amebadilishiwa pistoni na ringi, na moshi wa asubuhi ukabaki, kwa sababu hakuna aliyegusa sili.

Na sasa nitaje mambo matatu ambayo naona ni kujidanganya.

La kwanza ni oili nzito. Ukitia oili nzito kuliko ile iliyoandikwa kwa kitabu cha pikipiki, moshi unaweza kupungua kwa muda. Umeficha, hujatibu. Na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye valvu.

La pili ni oili ya gari. Pikipiki nyingi za boda zinatumia oili moja kwa injini, gia na klachi. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inahitaji msuguano ili ishike. Angalia kopo limeandikwa JASO MA au MA2. Hiyo ni alama ya oili iliyopimwa kwa klachi za pikipiki.

La tatu, na hili ndilo linaniuma zaidi: kutia ringi mpya kwa silinda iliyolika. Silinda ikishalika inakuwa si duara tena. Ringi mpya ni duara. Zitashikana wapi? Mwambie fundi atie ringi moja kwenye silinda bila pistoni, aisawazishe, kisha apime ule mwanya kwa geji, si kwa jicho. Mwanya ukizidi kipimo cha kitabu, silinda ichongwe na pistoni ya ovasaizi itiwe, ambayo huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50 na kuendelea. Ama ununue silinda mpya. Na ringi zikitiwa, mianya yake isipangwe mstari mmoja, la sivyo umeifungulia oili mlango.

Najua mtasema, "Ndugu yangu, hizo siku mbili za gereji nitakula nini?" Swali la haki kabisa. Na hapa nitasema kitu ambacho hakitawapendeza wenye pikipiki. Vijana wengi huku wanaendesha pikipiki si zao. Jioni lazima upeleke hesabu, injini iwe nzima ama igonjwe. Mwenye mali anaona oili ni shida ya dereva. Dereva anaona injini ni shida ya mwenye mali. Katikati yao injini inakufa, na ikifa wote wawili hawana kitu. Kwa hivyo mapatano yawe mapema, kabla ya moshi: gereji ikifika, hesabu ya siku hizo inasimama. Mwenye mali asiyekubali siku mbili za matengenezo ajiandae kwa mwezi mzima wa kutopata chochote.

Wengine watasema tupa kuukuu, chukua mpya kwa mkopo. Kama unaweza kulipa kila siku bila kukosa, sawa. Lakini injini kuukuu haimaanishi injini mbovu. Honda walipotoa CG125 miaka ya 1970, waliitengeneza makusudi kwa nchi ambako pikipiki inabeba mizigo mizito na kubadilishwa oili kwa kuchelewa. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa Afrika Mashariki zilifuata muundo huo. Ni mashine za kufunguliwa na kufufuliwa.

Na umeme? Septemba 2023 Rais Ruto alizindua pikipiki za umeme hapo Mombasa, ng'ambo tu ya feri. Hizo hazina oili ya kuungua, na mimi nazisubiri kwa hamu. Lakini kesho asubuhi kijana wa Kinondo ataamka na ile ile aliyo nayo.

Ukishatengeneza, itunze. Siku za mwanzo usiibebeshe gunia tatu za makaa, wala usiivute mwisho. Badilisha oili mapema, manake ringi mpya zikijikaza zinaacha unga wa chuma. Na safisha chujio la hewa. Vumbi la Kinango na mchanga wa huku pwani vikipita hapo, vinasaga silinda kama msasa, na utarudi gereji ile ile.

Angalia kiwango cha oili kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Kikishuka, ongeza, sawa, hakuna anayekukataza. Lakini wiki hiyo hiyo tafuta inakoenda.

Mtumie huyu ujumbe beshte wako mwenye moshi. Akinuna, mwambie ni mimi nimesema.