Ganzi ya miguu haitoki kiunoni siku zote

Mtu akilalamika mgongo na ganzi ya miguu, wengi wetu tunakimbilia pingili za kiuno. Mara nyingi tunapatia. Leo nawazungumzia wachache ambao kwao tunakosea.

Ugwe mgongo, yaani fungu la mishipa ya fahamu linaloshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya pingili, umefunikwa na tando tatu, zilezile zinazoshambuliwa na homa ya uti wa mgongo. Ule wa kati huitwa araknoidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya buibui. Kwa watu wachache sana, utando huo hujikunja na kuwa mnene nyuma ya ugwe, hasa sehemu ya juu ya kifua, usawa wa mabega. Maji ya uti wa mgongo hushindwa kupita vizuri na ugwe husukumwa mbele. Mara nyingi chanzo hakipatikani.

Miguu huwa mizito na kukakamaa, mgonjwa hujikwaa hata kwenye sakafu tambarare, na ganzi huweza kuanzia kifuani au tumboni kushuka chini. Wengine hupata shida ya haja ndogo.

Hapa ndipo fedha za wagonjwa zinapopotea. Ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, hivyo MRI ya kiuno inaweza kutoka safi kabisa. Mbaya zaidi, inaweza kuonyesha diski iliyotokeza kidogo, jambo la kawaida hata kwa wasioumwa, na lawama zote zikaishia hapo. Familia imechangishana kulipia picha isiyo na jibu.

Nyundo ndogo ya kupimia goti ingetangulia. Goti likiruka kupita kiasi, na kidole gumba kikiinuka juu unyayo unapokwaruzwa, tatizo liko juu ya kiuno. Picha ipigwe huko.

Utando wenyewe ni mwembamba mno, kwa kawaida hauonekani kwenye MRI. Kinachoonekana ni ugwe uliobonyea kwa nyuma, umbo lililofananishwa mwaka 2013 na kisu cha upasuaji. Daktari lazima atofautishe hali hii na uvimbe wa maji, au ugwe uliopenya kwenye tundu la utando wa nje, kwani upasuaji wake si uleule. CT scan baada ya kuchoma dawa ya rangi kwenye maji ya mgongo husaidia.

Asiye na udhaifu unaoongezeka anaweza kufuatiliwa tu. Kwa mwingine, daktari wa upasuaji hufungua mfupa wa nyuma wa pingili, hupasua utando wa nje, kisha kwa hadubini huukata ule uliokunjamana ili maji yapite. Wengi hupata nafuu, ingawa ganzi ya miaka mingi huenda isiondoke yote. Maji kuvuja, maambukizi na ugwe kujeruhiwa ni hatari zinazopaswa kuelezwa kabla ya kusaini fomu.

Ukiandikiwa MRI, uliza ni ya sehemu gani na kwa nini. Miguu ikizidi kuisha nguvu au mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo.