Msituandae Sisi, Andaeni Njia

Ndugu na dada zetu wa kambi, wazazi, walimu, na nyinyi wakubwa wa maofisi mnaosoma hapa kimya kimya bila kuacha neno: leo tunaandika juu ya atachimenti.

Tunaandika kwa sababu msimu umefika tena. Vijana wetu waliomaliza masomo ya darasani wanatakiwa kufanya mazoezi ya kazi kwa wiki 12 kabla chuo hakijawapa cheti. Wengi wao hawatapata nafasi hapa Kakuma wala Kalobeyei. Wataipata Lodwar, Kitale, Eldoret, Nakuru au Nairobi. Na kama kila msimu, tumeanza kusikia ule wimbo: eti vijana wa kambi hawajajiandaa. Halafu wanaitwa semina ya kujiandaa.

Sisi tunasema hapana. Kijana amejiandaa. Kitu hakijaandaliwa ni njia.

Hizi semina tunazijua vizuri kwa sababu sisi vijana wa kujitolea ndio tunapanga viti, ndio tunaandika majina mlangoni, ndio tunagawa maji. Wanafundisha mambo mazuri, hatukatai. Fika mapema. Vaa shati safi. Usichezee simu mbele ya mkubwa. Kila jioni andika kazi ya siku kwenye daftari lako la atachimenti. Lakini mtu aliyekua akipanga foleni ya maji kabla jua halijatoka, kweli mnamfundisha kuamka mapema? Mtu aliyesoma darasa moja na Msudani Kusini, Msomali, Mrundi, Mkongomani na Muethiopia, mnamfundisha kuishi na watu wa makabila mengine? Huyo angefaa awafundishe nyinyi.

Mwisho wa semina wanauliza, kuna swali? Mikono inainuka. Maswali ni yaleyale kila mwaka. Pasi ya kutoka kambini itatoka lini? Nauli nani atalipa? Nitalala wapi? Na jibu ni lilelile kila mwaka: hilo liko nje ya mradi wetu. Kisha tunapiga picha ya pamoja.

Sasa tuseme ukweli. Nafasi ya atachimenti ina miguu minne kama kitanda: barua ya kukubaliwa, pasi, nauli na pa kulala. Barua kijana anaitafuta mwenyewe. Anaandika maombi ishirini kwenye simu iliyopasuka kioo, anajibiwa moja, anashukuru Mungu. Hiyo miguu mitatu iliyobaki haimo mikononi mwake. Ukikosa mmoja tu, kitanda kinaanguka. Na kikianguka, watu wanasema kijana hakuwa makini.

Angalia pasi. Barua inasema anza tarehe fulani. Kijana anapeleka maombi ofisini na barua mkononi. Anaambiwa rudi wiki kesho. Anarudi, mkubwa ameenda mkutano. Anarudi tena, mtandao hauko. Tarehe ya kuanza inapita. Kule mbali, mwenye kampuni hajui habari ya pasi, yeye anaona tu kijana aliyeomba nafasi na hakufika. Anampa mwingine. Msimu ujao akiona barua ingine inatoka kambini anaiweka chini ya zingine zote. Hivyo mmoja akicheleweshwa, wanaomfuata wamefungiwa mlango bila kujua.

Saa ingine pasi inatoka, lakini tumeona inatoka ya siku 30. Hesabu hii haihitaji mwalimu. Wiki 12 ni siku 84. Kwa siku 30, huyu mtu atafanya nini siku ya 31? Ana njia mbili. Ya kwanza, aache kazi, apande basi arudi Kakuma kuomba upya, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi, na asubiri tena. Daftari lake la atachimenti litabaki na kurasa nyeupe, na chuo hakisaini kurasa nyeupe. Ya pili, abaki kule bila karatasi, aanze kutembea akikwepa polisi kama mwizi, yeye ambaye kosa lake ni kutaka kumaliza diploma. Tunauliza: nani alipanga hii hesabu? Alikuwa anafikiria masomo ya nani?

Kuna watakaosema sisi tunapinga sheria ya nchi. Hatupingi. Kenya imetupokea, kambi hii iko tangu 1992, wengine wetu tumezaliwa hapa kando ya laga ya Tarach na hatujui nchi ingine. Tunajua serikali ina haki ya kujua nani anatoka na anaenda wapi. Lakini Kenya hiyohiyo iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966, na kifungu cha 26 cha mkataba huo kinazungumza juu ya uhuru wa mkimbizi kutembea ndani ya nchi iliyompokea. Kenya hiyohiyo ilipitisha Sheria mpya ya Wakimbizi mwaka 2021. Na 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika, ambao habari yake kubwa ni mkimbizi ajitegemee, asiishi kwa mgao. Sisi tumefurahi kusikia. Basi tunauliza kwa heshima: mtu atajitegemea namna gani kama cheti chake kimekwama kwa sababu ya karatasi ya siku 30? Hatuombi geti livunjwe. Tunaomba siku za pasi zilingane na siku za barua. Ni jambo la kuandika 84 mahali pa 30.

Wengine wanatuambia, kwani lazima muende mbali? Fanyeni atachimenti hapa hapa kambini. Kwa baadhi ni sawa. Anayesomea ualimu, shule ziko. Anayesomea kazi ya jamii, kazi ni tele. Lakini aliyesomea umeme wa viwanda, akajifunze kwenye kiwanda gani cha Kakuma? Aliyesomea hoteli, aliyesomea maabara ya vyakula, aliyesomea uhasibu wa kampuni? Na mashirika yenyewe ya hapa, mwaka 2025 pesa za wafadhili zilipopungua, yalipunguza wafanyakazi. Leo hayana kazi ya kumpa mfanyakazi wake, atapata wapi mtu wa kumsimamia mwanafunzi? Zaidi ya hapo, mtu aliyejifunza kambi tu ataweza kazi ya kambi tu. Mnatuambia tujitegemee, kisha mnataka tujifunzie mahali ambapo mwajiri ni msaada. Hizo habari mbili hazikai nyumba moja.

Wengine wanasema pesa hakuna. Tunajua pesa ni kidogo, tumeona chakula kikipungua kwenye sufuria zetu wenyewe. Lakini semina ilikuwa na hema la kukodi, ilikuwa na bango lenye picha zetu, tisheti, soda, na gari lililoleta wageni na kuwarudisha. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi kwa mwanafunzi mmoja inakula sehemu kubwa ya insentivu ya mwezi mzima ya mtu wa kujitolea kama sisi, na kwa mzazi asiye na insentivu ni mlima. Kwa ofisi, ni bei ya bango na tisheti chache. Hatusemi semina zifungwe. Tunasema kama kuna pesa ya kumwambia kijana safiri vizuri, kuwe pia na pesa ya yeye kusafiri.

Tena wanatuletea methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakubwa wetu, tumeinama mpaka mgongo umeshika. Shida ni kitanda chenu, kiko chini sana.

Mkitaka kujua kama tunayoomba yanawezekana, tazameni mpango wa wanafunzi wakimbizi wa Kanada, ule wa WUSC, ambao uko tangu 1978 na ambao kila mwanafunzi wa sekondari hapa kambini anauota. Mtu akichaguliwa, anaandaliwa kweli: lugha, karatasi, safari. Akishuka ndege, anakuta chuo kimeshampokea, pa kulala pako, na wanafunzi wenzake wa Kanada, ambao hawamjui hata jina, wamechanga kidogo kidogo kwenye ada zao ili yeye asome. Hakuna aliyemwambia nauli iko nje ya mradi. Tunajua ule ni mpango wa kuhamia, na wanaopata ni wachache sana. Lakini somo lake ni kwamba wale watu walielewa kitu kimoja: ukimpa mtu nafasi mbali na kwao, njia ni sehemu ya nafasi. Sasa inakuwaje kutoka Kakuma hadi Kanada, kuvuka bahari, njia inaandaliwa, lakini kutoka Kakuma hadi Nakuru, ndani ya nchi moja, kijana anaachwa ajitafutie?

Na hili sio la Kakuma peke yake. Wenzetu wa Nyarugusu kule Tanzania hata kutoka kilomita chache nje ya kambi ni shida bila kibali. Wenzetu wa Nakivale, Uganda, wanasafiri kwa urahisi kuliko sisi, lakini wakifika Kampala swali la pa kulala linawangoja palepale. Kila kambi ina mguu wake wa kitanda uliovunjika.

Tusiwaonee wa ofisi tu. Njia inazibwa na sisi wenyewe pia, ndani ya jamii, na hapa tutasema wazi hata kama wazee watakasirika.

Dada zetu wanapata barua kama kaka zao. Kaka akipata, familia inauza mbuzi au inakopa dukani. Dada akipata, mkutano unakaa: atalala kwa nani, atarudi vipi, watu watasema nini. Wazazi, hofu yenu tunaielewa, na swali la atalala wapi ni swali la haki. Lakini swali likiulizwa litafutiwe jibu. Msilifanye kufuli. Kuna familia zetu Kayole na Kasarani. Kuna makanisa na misikiti yetu mijini. Mtu mmoja mwenye kuaminika akipigiwa simu mapema, jibu linapatikana. Kumkataza ni rahisi zaidi, ndiyo maana mnakataza.

Pia kuna hofu ya mgao. Mama anauliza: wakija kuhakiki watu wakati mtoto yuko kule, jina lake litabaki? Ni hofu ya kweli, kwa sababu kidole kisichoonekana kinaweza kuhesabiwa kama mtu asiyekuwepo. Mama asiachwe achague kati ya unga wa miezi mitatu na cheti cha maisha. Ofisi iliyotoa pasi inajua mtoto yuko wapi na atarudi lini. Iandike hivyo kwenye faili la familia, basi.

Na nyinyi mliowahi kwenda mkarudi: msikae na habari kama mali ya siri. Semeni basi lipi ni salama, vizuizi viko wapi, karatasi gani polisi wanauliza, mwenye nyumba gani anapokea mtu wa wiki 12. Hayo ndiyo yanamsaidia anayefuata.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaandika kwa ufupi ili mtu asiseme hakuelewa.

Moja: pasi ya mwanafunzi ifuate tarehe za barua ya atachimenti, kuanzia siku ya safari hadi siku ya kurudi, na jibu litoke kabla ya tarehe ya kuanza. Kama jibu ni hapana, liandikwe na sababu.

Mbili: shirika lolote linalolipia masomo ya mkimbizi liweke nauli na miezi mitatu ya pa kulala kwenye hesabu yake tangu mwaka wa kwanza. Atachimenti sio dharura, iko kwenye ratiba ya chuo.

Tatu: aliye kwenye atachimenti asifutwe mgao wala faili.

Nne: sisi vijana wa hapa tufungue daftari moja la pamoja, tuandike nani anaenda wapi, nani anaweza kumpokea, na nani amekwama kwa karatasi gani. Hili la nne halingoji mfadhili. Tumeanza. Kama una barua mkononi na hujui hatua inayofuata, au una chumba mjini na unaweza kumpokea mtu, njoo Jumamosi saa tisa alasiri, palepale tunapokutana kila wiki. Njoo na nakala ya barua yako na tarehe ya siku uliyoomba pasi.

Hizo tarehe tutazipeleka ofisini zote pamoja, ili wakubwa waone kwa macho yao nani hajajiandaa.